Barua kwa Idrisa: kumgeuza mtu mbwamwitu kwa bajeti ndogo

Rafiki yangu Idrisa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuumaliza mswada wa filamu yako. Nimeusoma wote, lakini hapa nitagusa ukurasa ule mmoja ulioniuliza, ulipoandika kwamba kijana anageuka mbwamwitu "mbele ya macho yetu". Maneno hayo ndiyo yanayomaliza bajeti za watu. Kabla hujanunua hata chupa moja ya gundi, andika upya: ni kiungo gani kinageuka, kipi kinatangulia, na kamera imekaa wapi. Ningekuwa wewe ningechagua vitatu tu, mgongo, mkono na uso, na vilivyobaki ningeviachia sauti na giza. Hata The Wolf Man ya mwaka 1941, filamu ya studio kubwa, mara ya kwanza mtu anapogeuka mtazamaji anaonyeshwa miguu tu.

Panga tukio la sekunde 50 hadi 60, lenye shoti kama 15. Katika hizo, nne au tano ndizo zenye ujanja wa vifaa. Nyingine ni uso wa mwigizaji kabla hajabandikwa chochote, pumzi, nyayo zinazokwaruza sakafu, kivuli ukutani, na uso wa mtu anayeshuhudia. Huyo shahidi usimwache nje ya mswada. Hagharimu kitu, na kila hila ikikuvunjikia mkononi, kwake ndiko utakakokimbilia wakati wa kuhariri.

Anza na mgongo. Ni mpana, mipira inafichika, na mwigizaji anaweza kulia kwa uchungu bila kubandua kitu usoni. Chukua maputo madogo, au kata vidole vya glavu nyembamba. Ingiza ndani sentimita 2 za mpira mwembamba wa hewa, ule wa tangi la samaki, kaza kwa uzi, kisha zungushia tepu ya umeme. Ncha ya pili chomeka kwenye bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano. Zamisha kila kimoja ndani ya maji na ukipulizie. Kikitoa viputo, funga upya, kwa sababu kinachovuja hunywea katikati ya shoti na mlio wake unaingia kwenye maikrofoni. Sita vinatosha: vinne kando ya uti wa mgongo, vimepishana, na kimoja juu ya kila kombe la bega. Kila puto libandike mwilini kwa ukingo mmoja tu, kwa plasta ya hospitali. Ukilibana pande zote halitavimba, litang'oka.

Juu ya maputo inakuja ngozi ya bandia. Paka lateksi ya maji, yaani mpira wa majimaji, kwa sponji juu ya kioo, kausha kwa draya yenye hewa ya baridi mpaka weupe wa maziwa uondoke, kisha rudia. Matabaka matano au sita yanatosha. Kila tabaka liishie nusu sentimita ndani ya lile la chini yake, ili ukingo ubaki mwembamba kabisa. Ukingo mnene ndio unaoonekana kwenye kamera. Wengi hutia tishu kati ya matabaka, na kwa kovu au jeraha ni sawa, ila hapa usiitie katikati: tishu huipa lateksi nguvu lakini huiondolea mvutano, na wewe unataka ivutike. Kabla ya kuibandua kwenye kioo, ipake poda juu, na uendelee kuipaka chini kadiri unavyoiinua. Lateksi tupu ikijikunja hujishika, na haitafunguka tena. Maputo nayo yapake poda, la sivyo yatashikana na ngozi hiyo na utapata mikunjo mahali pa uvimbe.

Rangi ni mtego mwingine. Vipodozi vya mafuta na vaselini hula lateksi. Changanya rangi ya akriliki na Pros-Aide, gundi ya vipodozi, nusu kwa nusu, paka kwa kudonoa na sponji yenye matundu, rangi tatu zinazokaribiana badala ya moja, kisha poda, maana mchanganyiko huo hubaki ukinata. Upake kwenye lateksi, usiupake moja kwa moja kwenye ngozi ya mtu.

Siku ya kupiga, wasaidizi wawili wakae nyuma ya kamera na mabomba yao. Wasukume kutoka kiunoni kwenda shingoni, mililita 20 hadi 30 kwa puto, wakipishana. Pande mbili zikivimba pamoja, mtazamaji anaona maputo. Upande mmoja ukitangulia na kusita, anaona mfupa. Rekodi kwa fremu 50 kwa sekunde, uonyeshe kwa 25, mwendo upate uzito. Taa iwe moja, ya pembeni, chini, mwanga ukiteleza juu ya ngozi. Taa ya mbele huua uvimbe wote, na hili ndilo kosa linaloharibu mgongo mzuri kuliko lateksi mbovu. Zima pia taa ya darini. Usiogope giza, lakini usiiachie kamera giza tupu: giza lipate kwa kupunguza mwangaza wa taa yenyewe, na usipandishe hisi ya kamera (ISO), maana picha itajaa chenga. Taa ndogo ya pili nyuma ya bega itachora ukingo wa mwili, na baadaye itayafanya manyoya yaonekane bila kuyamulika.

Mkono. Vidole kurefuka ni shoti ya karibu sana, sekunde mbili, haizidi. Tumia glavu nyembamba iliyopakwa rangi na kubandikwa nywele chache, ndani yake hakuna mkono wa mtu. Kila kidole kina kijiti cha mishikaki kilichofungwa pamba na tepu kwenye ncha. Msaidizi anavisukuma kutoka ndani ya mkono wa shati, sentimita 3 au 4, kidole kimoja baada ya kingine. Ncha isiyofungwa pamba itatoboa. Kwa kucha, fanya kinyume: kata mwanya mdogo kwenye ncha ya kidole, panga ukucha mrefu wa bandia ukiwa umetokeza, ufunge mshipi wa kuvulia kwa ndani, uuvute taratibu uzame. Ukiigeuza picha irudi nyuma, ukucha unachomoza.

Hila hiyohiyo ya kurudisha nyuma ndiyo inayootesha manyoya. Rick Baker aliitumia katika An American Werewolf in London ya mwaka 1981, kazi iliyompa Oscar ya kwanza ya kitengo cha vipodozi: nywele zilivutwa kuingia ndani ya ngozi bandia, filamu ikachezeshwa kinyume. Kwako inatosha kipande cha ukubwa wa kiganja. Tandaza silikoni unene wa milimita 3 juu ya kioo. Ile ya kuzibia madirisha, yenye harufu ya siki, inafaa kwa kipande hiki tu, na isiguse ngozi ya mtu ikiwa mbichi. Rangi ichanganye humo kabla haijakauka, tone la rangi ya mafuta ya wachoraji, kwa sababu silikoni ikishakauka haishiki rangi. Iache siku nzima au zaidi. Kisha pitisha nywele kwa sindano, moja au mbili kwa tundu, zote zikilalia upande mmoja, na nyuma uzibandike kwenye kitambaa. Ni kazi ya kukaa kitako na redio. Ukivuta kitambaa polepole, nywele zinazama. Kamera iwe imefungwa kwenye stendi, isitikisike hata kidogo.

Shoti yoyote utakayoichezesha kinyume, iangalie mara mbili kwa jasho. Tone linalopanda shavu kwenda juu limechekesha kumbi nyingi. Tumia gliserini kwa jasho, haitiririki upesi kama maji. Moshi, mapazia na kupepesa macho navyo husaliti.

Sasa uso, na hapa bana mkono. Shoti mbili za uso uliokamilika, nusu sekunde kila moja, zinatosha. Nywele zibandike kwa gundi ya spiriti, ile ya ndevu za bandia. Paka, subiri, donoa kwa kidole. Ikianza kunata ndipo uweke. Ukiweka ikiwa majimaji, inapanda juu ya nywele na kung'aa kwenye taa. Anza chini ya taya na upande kuelekea mashavuni, kila safu ifunike mizizi ya ile iliyo chini yake. Ukianza juu, kila mzizi utaonekana. Changanya rangi tatu, nyeusi zaidi chini, hafifu pembeni, na kwenye mpaka wa ngozi weka nywele chache chache, nyepesi kama malaika wa mkononi. Mstari ulionyooka kati ya ngozi na manyoya ndio unaosema "kinyago". Kwa mabega na kifua tumia kitambaa cha manyoya bandia, lakini usikikate kwa mkasi kutoka juu. Kigeuze, kata mgongo wake tu kwa wembe, kisha vuta vipande viachane. Manyoya yanabaki na urefu wake. Kipunguze pia kwa kukichana na kitana, kwa sababu kikiwa kipya manyoya yake yamelingana kama zulia.

Chonge zitengeneze kwa zile chembe za plastiki zinazolainika kwenye maji ya nyuzi 60 hivi. Zikigeuka angavu kama kioo, zitoe, ziache zipoe kidogo mpaka kidole kivumilie, zibonyeze juu ya meno ya mwigizaji, uzitoe kabla hazijawa ngumu. Zikigandia zikiwa zimeingia katikati ya meno, utakuwa na usiku mrefu. Supagluu haina kazi mdomoni, hata tone. Na lenzi za macho za rangi, kama hazikupimwa na mtaalamu wa macho, ziache dukani. Hujeruhi uso wa jicho, na jeraha lenyewe huingia vijidudu haraka. Badilisha rangi ya macho kwenye uhariri, shoti moja, au acha kope zikiwa zimefumbwa na zifumbuke kwenye picha inayofuata.

Shati lichanike lenyewe. Fumua mshono wa mgongoni na wa bega, uupige bandi kwa uzi mwembamba, na mwigizaji akitanua mabega litafunguka. Kitambaa kipya kilainishe kwa kukifua mara kadhaa na kukikwaruza kwa msasa. Nunua mashati matatu yanayofanana, kwa sababu la kwanza halichaniki inavyotakiwa.

Sauti nimeiweka hapa chini lakini kwa umuhimu ingekuwa ya kwanza. Uhariri wa picha ukiwa bado mbichi, anza kuitengeneza, maana itakuambia shoti zipi hazihitajiki. Mifupa ni karoti zilizofungwa ndani ya kitambaa kilicholowa na kuvunjwa karibu na maikrofoni. Kitambaa kinaondoa ukavu wa mlio. Mishipa inayovutika ni ngozi ya mkoba wa zamani, imelowa, ikisokotwa taratibu. Teremsha kila mlio uwe mzito zaidi, nusutoni (nusu hatua za muziki) 3 hadi 5, kisha weka tabaka mbili tu, tatu ni kelele. Mlio wa mfupa utangulize fremu 2 au 3 kabla ya picha yake, mwili wa mtazamaji ushtuke kabla ya jicho. Na koo la mwigizaji lisiondoke mapema: anza na sauti yake mwenyewe, ichanganye na mngurumo wa mbwa kidogo kidogo, na hata mwishoni ibaki chembe ya mtu. Mngurumo mtupu wa maktaba ya sauti unamfuta mhusika wako, na huruma yote inaondoka naye.

Mwigizaji asianze kwa kupiga kelele. Maumivu yaanze tumboni, ayafiche, ashangae, kisha yamzidi. Akianza juu, hana pa kwenda kwa sekunde 40 zilizobaki.

Ratiba: piga kwanza uso mtupu, halafu mgongo, halafu uso wenye nywele chache, na mwisho uso kamili, siku moja. Mkono na kipande cha silikoni vipigwe siku nyingine, bila mwigizaji, na tripodi na taa uliyopima kutoka siku ya kwanza. Tenga saa tatu za kubandika na moja ya kubandua. Hiyo ya kubandua watu huisahau. Gundi ya spiriti inatoka kwa kiyeyushi chake tu, kwa brashi, ukiingia ukingoni na kusubiri. Ukivuta, unavuta na ngozi. Lateksi kwenye mwili wenye malaika inauma, kwa hiyo mgongo unyolewe siku mbili kabla, usiwe siku yenyewe, vidonda vya wembe visikutane na gundi.

Jambo la haraka kuliko yote: leo au kesho mpake mwigizaji wako lateksi kidogo na gundi kidogo ndani ya mkono, akae nazo saa 24. Akiwashwa, akivimba au akibanwa kifua, lateksi yote itoke kwenye mpango, pamoja na maputo na glavu, na tutahamia silikoni ya kuvalia ngozini, ambayo ni ghali zaidi na inapakwa kwa namna nyingine. Niandikie majibu yake kabla hujanunua kingine chochote.

Wasalimie wote katika kikosi.

Wako,
Mashaka