Bodaboda lisifutwe vitabuni

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayetaka neno "bodaboda" liondolewe katika vitabu vya Kiswahili vya shule zetu za Uganda. Anasema ni Kiingereza kilichovunjika, na kwamba watoto wafundishwe "pikipiki ya abiria". Mimi ni mzaliwa wa Busia, mji wa mpakani na Kenya, nimefundisha shule ya msingi hapa mpaka nikastaafu, na marehemu baba yangu alitusomesha kwa baiskeli ya kubeba watu. Naomba nafasi nimjibu, maana ndugu yetu huyo amegusa mali ya watu.

Kwanza, pikipiki haikuwepo. Bodaboda za mwanzo, miaka ya 1960, zilikuwa baiskeli. Gari likitaka kuvuka kwenda Kenya lilidaiwa karatasi. Baiskeli haikudaiwa kitu. Basi linashusha watu upande huu, na kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya unabaki mwendo wa kwenda kwa miguu, juani, na mzigo kichwani. Vijana wakafunga mto wa sponji juu ya keria, wakauvika plastiki usilowe mvua, wakawa wanaita abiria: "Boda! Boda!" Yaani nakuchukua boda hii, nakushusha boda ile. Akina mama walikaa kiubavu, miguu yote upande mmoja, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika tandiko la dereva. Baba alikuwa akisema abiria mgumu si mnene, ni yule anayegeukageuka. Watu wa Malaba, mji mwingine wa mpakani, wanadai neno lilianzia kwao. Waache wadai.

Halafu ikaja miaka ya 1970, miaka ya magendo. Sabuni na chumvi zikawa za kutafutwa, na baiskeli zilezile zikajua njia za panya zote. Baba hakupenda kuulizwa habari za miaka hiyo, nami sitamsemea. Ninachotaka msomaji wenu aone ni kwamba jina hili halikutoka ofisini wala kwa mzungu. Lilitoka vinywani mwa waendesha baiskeli wanaoongea Kisamia, Kiteso, Kiganda na Kiswahili, waliolisikia neno la Kiingereza "border", yaani mpaka, kwa askari na maofisa wa forodha wakaligeuza mali yao. Wameondoa "r", wametia irabu mwishoni, wamelirudia mara mbili. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyofanya kazi, na hata hiyo "pikipiki" anayoipenda imetokana na mlio wa injini, umerudiwa mara mbili. Wakenya wana matatu, jina lililotokana na nauli ya sarafu tatu za senti 10. Watanzania wana daladala, lililotokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi 5. Sijasikia mtu akitaka kuyafuta.

Tena huyo "border" anayedhani ni Mwingereza halisi, naye ni mhamiaji. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa katika zama za kati, "bordure", lililotokana na "bord", ukingo wa kitu. Wafaransa nao walilipata kwa makabila ya Kijerumani, ambako lilikuwa na maana ya ukingo na ubavu wa chombo cha majini. Maana ya kwanza ya "border" haikuwa nchi wala askari. Ilikuwa pindo, kama pindo la kanga linalozunguka mji wake, ile sehemu ya katikati. Mambo ya mipaka ya nchi yalikolea baadaye, hasa kwa kutaja eneo ambako Uingereza inapakana na Uskoti. Kwa hiyo kama neno huchafuka kwa kupita mikononi mwa watu, hili lilifika Busia likiwa limeshachafuka zamani.

Na mpaka wenyewe nao ulihamishwa. Kabla ya 1902 Uganda ilifika mpaka karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakaikata Jimbo la Mashariki, wakaliunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Kalamu ingepita kwingine, Busia isingekuwa boda, na wale vijana wangeita jina jingine. Wasamia walijikuta upande huu na upande ule, shangazi Uganda na mpwa Kenya, na waliowaunganisha kwa shilingi chache ni hao wenye baiskeli. Tangu 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpakani, unashughulikiwa mara moja tu upande unaoingia. Baiskeli hazijaisha. Bado zinapita, pamoja na ndugu zetu walemavu wanaovusha bidhaa kwa zile baiskeli zao za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono. Hao nao tuwaite "pikipiki ya abiria"?

Msomaji wenu ana jambo moja la haki, nalo hakulitaja. Neno hili linasumbua darasani. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, walimu vijana huja kwangu na maswali, na swali la ngeli ni lilelile. Bodaboda imeharibika, ni chombo. Bodaboda amenizidishia nauli, ni mtu. Bodaboda inalipa, ni kazi. Kampala wamelikata likawa "boda" tu, na magazeti ya Kiingereza ya huko yanaliandika hivyo bila kulieleza, kwa hiyo Waingereza wamerudishiwa neno lao likiwa limebeba abiria. Hapa Busia kukata huko kunaleta vurugu, kwa sababu boda kwetu bado ni mpaka. Jioni utasikia mtu akimwambia dereva, "Boda, nipeleke boda," na wote wawili wanaelewana. Mtoto wa darasa la tano anaelewa pia. Anayepata shida ni mtunga mitihani.

Wanaoandika vitabu wakubaliane basi juu ya hilo, waache kufuta. Pendekezo langu: chombo kiwe "bodaboda imefika, bodaboda zimefika". Mtu awe "bodaboda amefika, bodaboda wamefika", kama tunavyosema dereva amefika. Wanaoogopa wanafunzi watachanganyikiwa waandike "mwendesha bodaboda", si kosa. Mwanafunzi wangu akiandika "bodaboda wamegoma" nampa alama yake.

Mwalimu mstaafu,
Busia, Uganda