Mnatuonyesha sana, mnatusikiliza kidogo: barua kwa wanangu wa vyumba vya habari

Wanangu wahariri, waandishi na watangazaji, pamoja nanyi mnaoendesha chaneli za mtandaoni kwa simu moja na kifimbo cha kuishikia,

Salaam. Msidhani bibi yenu kaamka leo kuwasema wasichana juu ya urefu wa sketi. Kazi hiyo ina wenyewe, tena wengi, na sijaona imemsaidia nani. Ninayemtaka leo ni yule aliyeshika kamera, na yule anayeamua kichwa cha habari.

Agosti 2024 ilisambaa nchini video ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume, wakarekodi wenyewe unyama wao. Mnaikumbuka. Kesi ikasikilizwa Dodoma kwa faragha, binti akatambulishwa kwa herufi mbili tu, XY, na tarehe 30 Septemba washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama zetu tunazilaumu kwa mengi, lakini pale zilijua nini cha kufunika. Huku nje kila mtu alikuwa ameshafunua. Video ilipita kwenye magrupu ya familia na ya kazini, wengine wakiituma kwa maneno ya huruma, kana kwamba huruma inaitakasa. Jina la mtaa likafanywa ndilo jina la binti, likarudiwa kwenye vichwa vya habari hata jirani asingehitaji kuuliza ni nani. Kamanda mmoja wa polisi akanukuliwa akimfananisha na mtu anayejiuza. Aliondolewa kwenye nafasi ile, sawa, lakini maneno yalikuwa yameshafika kila kijiwe, na kwa siku kadhaa anayejadiliwa akawa binti badala ya waliomtendea.

Najua mtasema, "Bibi, sisi uso tuliufunika." Ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana kufunika uso kumekuwa kama kunawa mikono. Ninaona kwenye taarifa za televisheni mtoto aliyedhulumiwa kawekewa ukungu usoni, halafu mama yake anahojiwa waziwazi, nyumba yao nyuma yake, sare ya shule imeanikwa kwenye kamba. Aliyefichwa hapo ni nani? Kijiji kizima kimeshamjua, na kesho anakwenda shuleni. Tuna Sheria ya Mtoto tangu 2009, na hata isingekuwepo, mwandishi mwenye akili zake angejiuliza: huyu atanunuaje chumvi dukani wiki ijayo? Akishakosa jibu, mahojiano hayo hayaendi hewani. Andika kwa maneno. Maneno yanaweza kusema kila kitu bila kumpeleka mtu uwanjani.

Sasa wale waliokufa. "Amuua mkewe, wivu wa mapenzi watajwa." Nimekaa meza ya uhariri, najua kichwa hicho kinavyozaliwa. Jioni imeingia, ukurasa unasubiri, kamanda wa mkoa ametoa taarifa yenye mistari minne, na ndani yake chanzo kimeshatajwa. Mwandishi ananakili. Mwingine anapekua mtandaoni akaipate picha ya marehemu, na kati ya picha zake mia moja anachagua ile ya ufukweni, kwa sababu ndiyo itakayobofywa. Lakini hebu tafakarini: habari ya wivu huwa imetoka kwa nani? Mara nyingi imetoka kwa muuaji mwenyewe, au kwa ndugu zake, au kwenye karatasi aliyoiacha. Mshtakiwa ana wakili, ana haki ya kujitetea, na sipingi hilo hata kidogo. Marehemu hana msemaji. Ninyi ndio mnamalizia kwa kumpa sababu ya kufa kwake, imeandikwa na aliyemuua.

Tazameni Kenya. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia maratoni ya Paris Agosti 2024, hakumaliza mwezi tangu arudi. Alimwagiwa petroli akachomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafariki Eldoret tarehe 5 Septemba. Taarifa za mwanzo zilitanguliza ugomvi wa kiwanja. Baadaye wazazi wake wakaeleza kwamba vitisho vilikwisharipotiwa polisi. Oneni tofauti ya habari hizo mbili. Ya kwanza inasema watu wawili waligombana, ikaisha vibaya. Ya pili inauliza waliopelekewa malalamiko walifanya nini. Mwandishi aliyekwenda kwa wazazi ndiye aliyefanya kazi ya uandishi. Miaka mitatu kabla, Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee. Alikuwa na miaka 25. Wanariadha wenzake walipoanzisha shirika la kusaidia wanawake wanaonyanyaswa, wakalipa jina lake, na hawakusubiri mhariri yeyote.

Kwa hiyo ukipata habari ya namna hii, kabla ya kuandika neno wivu, piga simu dawati la jinsia la polisi. Uliza kama aliwahi kufika pale. Uliza mjumbe, uliza mashoga zake, uliza alikokuwa akifanya kazi. Ukikuta alikwenda mara ya kwanza akaambiwa mambo ya ndani yakamalizwe nyumbani, hapo umepata habari kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Wala msiniambie kwamba utamaduni wetu haujui kumtetea marehemu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa kijiji cha Fumba, aliyeanza kwa kuuza vyungu, aliimba habari ya Kijiti, muuaji wa mwanamke mgeni kule Unguja, aliyetoroka wakati wanawake waliokwenda kusema ukweli ndio walioishia kuadhibiwa. Wimbo ule ulimtaja mkosaji, ukaisema na mahakama. Ilikuwa enzi ya ukoloni, na mwimbaji mwenyewe hakusoma shule. Siti huyo huyo walimkejeli kwa sura na kwa kaniki aliyojia mjini, wakasema isingekuwa sauti angekula nini. Akawajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Dada zangu wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walipokianzisha mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Walijua wanachokitafuta.

Na wakati huo wote tuliitafuta kwa shida. Mwaka 1995, mwaka ule mama yetu Gertrude Mongella alipousimamia mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, ulifanyika uchunguzi wa habari za dunia kwa siku moja: kati ya watu 100 waliotajwa au kusikika kwenye habari, wanawake walikuwa 17. Ukarudiwa kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25 kwa watu wanane! Kwa mwendo huo wajukuu wenu watakuja kuandika barua hii upya.

Sababu mnayonipa ni kwamba wanawake hawapatikani, au wanakataa. Kweli wapo wanaokataa. Lakini mnawapigia saa ngapi? Mnampigia daktari saa mbili usiku mkimtaka studio saa tatu, naye ana watoto na hana gari. Mwingine alikuja mara moja, akaeleza bajeti vizuri sana, kisha mkaposti kipande chake na maoni mia tatu yakawa juu ya nywele na makalio yake, na hakuna aliyeyafuta. Angerudi kwa lipi? Ukimwalika mtu kwako, matusi ya barazani ni mzigo wako mwenye nyumba. Futa. Zuia. Na daftari lako la simu likiwa na wachumi wanaume kumi na wanasheria wanaume kumi, tafuta wengine siku usiyokuwa na haraka, maana siku ya haraka utampigia yuleyule.

Hata anayepatikana mnamwuliza nini? Mbunge ametoka kuchangia hoja ya maji, kipaza sauti kinamfuata: "Mheshimiwa, unawezaje kugawa muda wa kazi na familia?" Mbunge mwanamume kapita hapo hapo na watoto wake sita, hakuna aliyemgusa.

Kuhusu wasichana wanaocheza kwenye video za muziki sina maneno mengi. Wengi wanajua wanachokifanya. Ninachouliza ni kama wamelipwa, na kama kuna mkataba. Hilo nalo ni swali la mwandishi, na sijaona anayeliuliza.

Nanyi mabinti mlio ndani ya vyumba hivyo, mnaoambiwa kipindi kinapatikana baada ya chakula cha jioni na bosi: ile ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. Tunzeni ujumbe wake kwenye simu. Na ninyi kaka zao mnaojua na mnanyamaza, msiende kuandika makala ya Machi 8.

Ombi langu ni dogo na linawezekana wiki hii. Fungueni chaneli zenu, rudini nyuma mpaka mwanzo. Video zilizovujishwa bado zimo. Mama wa yule mtoto bado yumo, na nyumba yake. Marehemu bado wamo kwenye picha za ufukweni, na matangazo bado yanawaingizia hela. Ziondoeni. Pale ambapo habari yenyewe inastahili kubaki, badilisheni picha na kichwa, na mwandike chini kwamba mmebadilisha.

Bibi yenu,
mstaafu wa meza ya uhariri, Tanga