Shukrani kwa fundi wa Kikatiti

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuuliza, na hilo linanisumbua tangu Jumamosi.

Mimi ni yule wa fulana ya njano uliyemwona anakokota baiskeli. Tulitoka Moshi alfajiri kwenda Arusha, kilomita kama 80, kuchangia familia zenye watoto wanaougua saratani. Nilipopita njiapanda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), mwiba wa mgunga ukanimaliza. Pampu ninayo, kiraka sina (uzembe wangu).

Ulizamisha tyubu kwenye beseni, viputo vikaonyesha matundu mawili. Mimi nilikuwa nimeona moja tu. Ukasugua kwa msasa, ukapaka solusheni, ukaipuliza kwa mdomo ikauke, wala hukuwa na haraka. Nilipotoa Sh5,000 ukauliza fulana imeandikwa nini. Nikakueleza habari za mpwa wangu: tiba ya saratani yake ya damu ni ya miaka 2 hadi 3, na nauli za kliniki ndizo zinazomchosha dada. Ukanirudishia noti, ukaongeza Sh2,000 yako iliyokunjwa kama hirizi.

Nilifika wa mwisho. Sh7,000 zote nimezikabidhi, mzee. Ila spana yako namba 15 niliondoka nayo mfukoni. Jumamosi hii naileta.