Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Riadha Uganda kuhusu muda wa kila mzunguko

Mheshimiwa Rais,

Mimi ni mkufunzi wa vijana wa mbio za kati na ndefu hapa Kapchorwa. Nakuomba kwa heshima kwamba katika mashindano ya taifa na ya mchujo, muda wa kila mkimbiaji katika kila mzunguko uandikwe na kukabidhiwa makocha, kwa kuwa muda wa kumalizia pekee hautufundishi jinsi mbio ilivyokimbiwa.

Wakimbiaji wawili wanaweza kumaliza mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 20, mmoja akiwa ametoka kwa sekunde 64 kwa mzunguko wa mita 400 na kujikokota mwishoni kwa 73, mwenzake akiwa ameshika 69 mzunguko baada ya mzunguko. Kocha anayeona 14:20 tu atawapa mazoezi yale yale, ilhali wa kwanza anahitaji kufunzwa subira na wa pili pengine yuko tayari kwa kasi kubwa zaidi.

Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei ametuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Katika mbio za nyika za dunia za mwaka 2017 pale Kololo, Kampala, aliongoza kwa mbali hadi nguvu zilipomwishia katika mzunguko wa mwisho, akamaliza wa 30. Sisi tuliompenda bado tunaumia tukikumbuka. Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Oktoba 2020 huko Valencia, aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa 26:11.00, yaani wastani wa chini kidogo ya sekunde 63 kwa mzunguko, na nusu ya pili aliikimbia kwa kasi kuliko ya kwanza. Ni kweli alikuwa na waweka kasi, yaani wakimbiaji wa kumwongoza mwanzoni, na taa za pembeni zilimwonyesha mwendo, lakini taa hazimpi mtu nguvu za kuufuata.

Mbio za medali zina hesabu nyingine. Katika mita 10,000 za Olimpiki ya Tokyo, Mganda mwenzetu Stephen Kissa alichomoka mapema, kundi likakataa kumfuata, mwendo ukapoa, na Selemon Barega wa Ethiopia akawashinda Cheptegei na Jacob Kiplimo kwa mbio ya mwishomwisho, kwa 27:43.22. Paris mwaka 2024 Waethiopia walipokezana kuongoza kwa kasi kali. Cheptegei akajituliza ndani ya kundi, kisha akamaliza kwa 26:43.14, rekodi ya Olimpiki. Kijana hawezi kujifunza kusoma mabadiliko kama hayo bila kuona namba zake mwenyewe.

Kwa mita 800 mambo hugeuka, kwani mzunguko wa kwanza kwa kawaida ndio wa haraka: David Rudisha wa Kenya alipoweka 1:40.91 London mwaka 2012, alipita mita 400 kwa 49.28. Kanuni moja haiwezi kutumika kwa mbio zote.

Mheshimiwa, pasipo na mitambo, saa za mkono, karatasi, na msaidizi mmoja kwa kila wakimbiaji watatu vinatosha, na picha za karatasi hizo zinaweza kutumwa kwa simu jioni ile ile. Naomba utaratibu huu uanze na mbio za vijana za mita 3,000 na 5,000 msimu ujao. Mimi niko tayari kushika saa bila malipo.

Wako katika riadha,
Mkufunzi wa vijana, Kapchorwa