Kabla ya kuahidiwa chakula cha mwaka 2050, tuulize nani anapalilia mihogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wenu anayeamini kuwa akili bandia ndiyo itakayoilisha Afrika ifikapo mwaka 2050, tutakapokuwa watu wapatao bilioni mbili na nusu. Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa magonjwa ya mihogo. Sina ugomvi na kompyuta. Miaka yangu ya mwisho kazini zilinisomea vinasaba vya virusi kwa muda ambao zamani ningekuwa bado naosha vyombo vya maabara. Ila chakula hakianzii hapo.

Chukua michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi wa mihogo. Ugonjwa huu una inda: mara nyingi shina limesimama vizuri, majani yanapendeza, mkulima anapita ameridhika. Siku ya kung'oa, karibu mwaka mzima baadaye, anakata muhogo na kukuta uozo mkavu wa kahawia. Mtaalamu Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara. Unaenezwa na inzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe tunapogawiana vipande vya mashina vya kupanda, maana nani atamnyima jirani? Uganda uliibuka tena mwaka 2004. Ukifika Nigeria, inayolima mihogo kuliko nchi yoyote duniani, sipendi hata kuwaza.

Hapo hapo Amani, kuanzia mwaka 1937, Storey na Nichols, na baadaye Jennings, walichavusha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira ambao mizizi yake hailiki, wakarudia kizazi baada ya kizazi mpaka ikalika. Kazi ilifungwa mwaka 1957. Kwa hesabu za wafadhili wa leo, mradi ulikufa. Lakini mbegu zake zilikuwa zimeshapelekwa Nigeria, na kutokana nazo ukachaguliwa mche namba 58308. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa kituo cha kimataifa cha Ibadan, huko huko Nigeria, waliutumia kuzalisha aina zinazostahimili batobato, ugonjwa mwingine wa virusi unaokunja majani na kuyatia mabaka. Batobato kali ilipoifagia Uganda miaka ya 1990, moja ya aina zilizorudisha chakula ilikuwa Nase 3, iliyotoka Ibadan. Mjukuu wa Amani huyo, amezunguka bara zima akarudi karibu na kwao!

Kusini mwa Tanzania kuna aina ya muhogo iitwayo Namikonga, ambayo pwani ya Kenya huitwa Kaleso. Ilizalishwa Amani, na kwenye majalada ya kule ni namba 46106/27. Bibi mmoja wa Mtwara aliniambia ni mbegu ya mama yake, basi, na sikumbishia. Kituo kilifunga kazi, wakulima wakaendelea kupanda, na leo watafiti wanairudia kwa sababu inaihimili michirizi kuliko nyingi.

Ugumu wenyewe ni huu. Muhogo hauwekwi ghalani kama mahindi. Aina unayotaka isipotee lazima uikate na kuipanda upya, mwaka hadi mwaka. Kupata aina mpya huchukua karibu miaka kumi, na hata ikipona magonjwa yote, akina mama wakiichemsha ikakataa kulainika imekwisha. Fedha zinakuja kwa miaka mitatu. Nimeona kwa macho yangu shamba la hifadhi likigeuka kichaka kwa sababu mradi umeisha na kibarua hajalipwa. Aina zilizofia pale hakuna kompyuta itakayozirudisha.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu, kabla ya makala ijayo, afunge safari hadi vituo vya utafiti vya Kibaha au Naliendele. Aulize ni aina ngapi za mihogo zimo kwenye shamba la hifadhi, na mshahara wa anayezipalilia unatoka fungu gani la bajeti. Majibu ayachapishe, yawe mazuri au mabaya.

Mtafiti mstaafu,
Kibaha, Pwani