Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Wasps uliyoitaja jukwaani ilishakufa

Mheshimiwa,

Natumai barua hii inakukuta buheri wa afya. Jina lako na la ofisi yako naviacha; unajijua, na waliokuwa uwanjani Jumamosi wanakujua. Mimi ni kocha wa netiboli hapa Kisumu, kocha asiye na mshahara, muuza omena asubuhi na mpuliza filimbi jioni. Nakuandikia hadharani kwa sababu zile barua za bahasha, zenye muhuri wa chifu na kila kitu, hazikujibiwa.

Jumamosi ulitangaza kwamba wasichana wetu watapata timu ya kulipwa "kama Wasps ya Uingereza". Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa, hiyo timu ya netiboli ya Wasps haipo. Ilikufa 2022. Nadhani aliyekuandikia hotuba alitafuta bingwa wa netiboli kwenye simu, akaona jina tamu, akaishia hapo.

Na kwa kuwa umeitaja mwenyewe, niruhusu nikupe habari zake kwa heshima zote. Sisi ligi kuu ya netiboli ya Uingereza, Superleague, tulianza kuifuatilia kwa ajili ya Peace Proscovia, binti wa Arua, hapo Uganda, aliyekwenda kuchezea Loughborough Lightning. Wasps ilikuwa hasimu wetu. Tamsin Greenway alitoka Surrey Storm, waliokuwa mabingwa 2015 na 2016, akaenda kuijenga Wasps kutoka sifuri, mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Wakaingia Superleague 2017 na kutwaa kombe msimu huo huo wa kwanza. 2018 wakalitwaa tena. Fainali zote mbili waliolizwa ni Loughborough wetu, nasi tukanuna wiki nzima. 2019 wakatinga fainali ya tatu mfululizo, ndipo Manchester Thunder wakawazima. Wakati ule, mtu angesema timu hii haina muda mrefu, tungemcheka.

Haikufa kwa kufungwa. Netiboli ya Wasps ilikuwa chini ya klabu ya raga, klabu iliyoanzishwa 1867, ambayo 2014 ilihamia Coventry na kununua uwanja mkubwa. 2015 ikakopa pauni milioni 35 kutoka kwa umma kwa hati za dhamana, ikaahidi kulipa 2022. Mwaka ukafika, pesa hakuna, na mtoza ushuru naye yuko mlangoni. Tarehe 17 Oktoba 2022 kampuni ikakabidhiwa wasimamizi wa ufilisi na watu 167 wakaachishwa kazi. Wale akina dada hawakununua uwanja wala hawakukopa senti. Lakini mama akizama na mtoto mgongoni, maji hayaulizi nani alikosea. Ligi ya 2023 ikaanza bila Wasps, mabingwa mara mbili.

Huo ndio mfano uliotupa, Mheshimiwa. Na pengine ulipatia bila kujua, maana hata sisi tumeshazama hivyo hivyo.

Au umesahau timu yetu? Ulimleta wewe mdhamini. Mlikuja na bibu zenye jina lake mgongoni, jina kubwa kuliko zile herufi zinazoonyesha nafasi ya kila mchezaji. Refa alikuwa akiinama kutafuta nani ni C, wa katikati, na nani ni GD, beki wa goli. Ukasema nauli ya msimu mzima iko tayari. Ukasema wasichana watapata marupurupu kila mwezi. Marupurupu yalikuja mara mbili, halafu uchaguzi ukapita, na mdhamini akawa "mteja hapatikani". Kila tukija kwako tunaambiwa faili iko kwa fulani, fulani yuko semina, semina iko Naivasha. Wasichana wakaanza kupungua mmoja mmoja. Wengine wameolewa, wengine wako Nairobi kwenye kazi za nyumba, na mfungaji wetu bora amevuka Busia, siku hizi anachezea watu wa huko. Nani atamlaumu? Uganda walimaliza nafasi ya tano duniani kwenye Kombe la Dunia la Cape Town, 2023. Kutoka hapa mpaka mpakani ni matatu moja tu.

Waliobaki ndio hawa ninaofundisha. Mtaji wangu wa omena umeliwa na nauli za mechi, goti langu limevimba, mwenye nyumba ameanza kunisalimia kwa sauti ya kupanda, na nyumbani wananiuliza netiboli inanilipa nini. Haya si kosa lako, najua. Nakutajia tu ili ujue anayekuandikia si mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Sasa nije kwa jambo lililonitoa machozi. Kina mama wa chama chetu walichanga pesa tukasimamisha nguzo mbili za goli. Fundi wa jua kali pale Kibuye aliunga mabomba ya maji, pete akazikunja kwa nondo, nasi tukapima kwa utepe tukiwa juu ya meza ya kukopa: mita 3.05 kutoka chini, kimo kile kile walichofungia akina Greenway. Nyavu tulifumiwa na wavuvi wa Dunga kutoka kwa wavu uliochakaa. Mvua ikinyesha zinanuka mbuta, lakini mpira ukipita ndani unasikia ile "shwaa", na hakuna msichana aliyewahi kulalamikia harufu.

Nguzo hizo zilikatwa kwa grainda Ijumaa usiku ili lori la jukwaa lipate pa kugeuzia. Yaani ulituahidi timu ya kulipwa ukiwa umesimama juu ya visiki vya nguzo zetu! Mlinzi anasema ni amri kutoka juu. Wa mahema anasema ni watu wa jukwaa. Mimi nashuku kuna mtu alishapiga hesabu ya kilo za chuma chakavu kabla hata lori halijafika, kwa sababu Jumapili asubuhi hapakuwa na bomba hata moja, na pete hazikuonekana.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi. Nikuombe fungu la netiboli kwenye bajeti, lisilotegemea mfuko wa mtu mmoja anayetafuta kura. Nikuombe akaunti ambayo wachezaji wenyewe wanaweka sahihi. Nikuombe basi. Hayo yaweke, utayasoma siku ukipata nafasi.

Kwa leo rudisha nguzo. Sitaki timu ya kulipwa, sitaki ziara ya Uingereza ya kwenda kujifunza, sitaki kamati. Rudisha nguzo mbili na pete zake. Fundi yupo na vipimo anavyo. Anachotaka ni mabomba na saruji. Wavuvi wameshasema watafuma tena bure. Ikiwa hata mabomba ni mzigo kwa ofisi yako, basi tupe barua moja, yenye sahihi yako, inayosema hakuna atakayetukatia nguzo tena tukisimamisha zetu. Mashindano ya mitaa yanaanza mwezi ujao na wasichana wanafanyia mazoezi ukutani.

Nguzo, Mheshimiwa. Nguzo tu.

Wako mtiifu bado,
Kocha wa netiboli ya wasichana,
Kisumu