Toeni majani ya plastiki, tufungulieni dirisha

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu niko kidato cha tatu na sijawahi kuwaandikia. Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu "ofisi za kijani" hapa Dar es Salaam imenishinda kuinyamazia. Mlitoa kurasa mbili, na picha kubwa ya ukuta wa majani pale mapokezi, mkasema ofisi za namna hiyo zinawafaa hata wafanyakazi wenye usonji (hali ya ubongo ya kuzaliwa nayo, kwa Kiingereza autism) na wale ambao akili zao hazitulii. Aliyeulizwa ni msanifu na mwenye jengo. Sisi hatukuulizwa.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 44, na nina usonji. Nimeujua nikiwa na miaka 39, siku nilipompeleka mwanangu kupimwa. Daktari aliuliza habari za mtoto, nami kila nilipojibu nikaona najieleza mimi.

Ofisi yetu ya zamani ilikuwa na baraza, madirisha ya kufungua kwa mkono, na mwarobaini nje. Makelele yakinizidi nilitazama kivuli chake kikicheza sakafuni dakika mbili tatu, kisha narudi kwenye hesabu. Tukahamishiwa jengo la vioo. Dirisha halifunguki, watu 60 tumo ukumbi mmoja, simu zinalia pande zote, na juu ya meza yangu kuna taa ya tyubu iliyoungua nyeusi kwenye ncha zake, inanguruma tangu asubuhi hadi jioni. Fundi yeyote wa umeme atawaambia kwamba tyubu za zamani zenye choki na stata, kwa umeme wetu huu, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Wenzangu hawaoni kitu. Mimi ikifika saa tano tarakimu zinaanza kuchezacheza kwenye karatasi na shingo imekaza kama kamba. Nikamwomba bosi taa hiyo moja izimwe. Akanijibu, "Dada, taa ni ya wote." Na ule ukuta wa majani mliousifu, wa kwetu nao upo mapokezi. Nimeushika kwa mkono wangu: ni plastiki, na vumbi lake linaandikika jina. Basi siku moja nikachukua faili langu nikaenda kukaa kwenye ngazi za dharura, mlango wa nyuma uko wazi, upepo unapita, kunguru wanalia kwa mbali. Kulinganisha akaunti za benki, kazi ambayo mezani ilikuwa imenishinda siku mbili, nikaimaliza kwa saa tatu, bila kosa hata moja. Jumatatu yake nikakuta barua ya onyo mezani: sikuwepo mahali pangu pa kazi.

Mahali pangu pa kazi ni wapi, kama kazi inafanyikia ngazini?

Taarifa yenu imesifia Seattle, Marekani, ambako kampuni ya Amazon ilifungua mwaka 2018 majumba ya vioo yenye mimea zaidi ya 40,000. Hatuhitaji yote hayo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo Marekani: waliolala vyumba vyenye dirisha la kutazama miti walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni dirisha na miti tu. Wazee wetu wa pwani walijenga nyumba za mawe zenye ua katikati, hewa na mwanga vinashuka wenyewe.

Na mwarobaini wetu wa zamani umekatwa, pakawekwa maegesho ya magari sita. Mtaani kwangu miti mitatu ya mikungu imekwenda hivyo hivyo. Hata benki sasa huwezi kusubiri foleni bila televisheni kukupigia kelele kichwani. Kila mahali pa kupumulia panazibwa, halafu tunauziwa majani ya plastiki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ukishawaajiri, utawakalisha wapi? Ombi langu ni hili. Kila ofisi ifungue madirisha mawili, izime tyubu moja kati ya kila tatu, na itenge chumba kimoja kisichoingia simu, chenye viti vinne vinavyotazama nje. Na nje pawe na mti.

Miche minne ya mwarobaini ninayo nyumbani, imeota kwenye makopo ya rangi. Nitaileta mwenyewe na kuimwagilia mwenyewe kila asubuhi kabla ya saa mbili. Naomba nionyeshwe tu pa kuchimba.

Mhasibu,
Dar es Salaam
(Jina langu mnalo, naomba msilichapishe)